UZI: Nyumba ya mawe shamba Pemba, chumba cha chini hakina dirisha hata moja. Kilikuwa cha nini?

#1 binti_mtambwe
Assalaam alaykum wana jukwaa. Nipo Pemba tangu wiki iliyopita, upande wa Wete, kwenye nyumba aliyokuwa akikaa marehemu bibi. Nyumba ya mawe, ya ghorofa, ipo katikati ya mikarafuu. Juu madirisha manane, upepo unapita mpaka unaomba shuka. Chini sasa: chumba kirefu, hatua zangu kumi na nne kwa nne, kuta nene dhiraa nzima na zaidi, dirisha hamna. Kuna vitundu vitatu tu huko juu karibu na boriti, mkono wangu unaingia mpaka kwenye kiwiko unagota. Mlango mmoja, komeo kwa nje. Na kwenye boriti ya kati imening'inia pete ya chuma, nene kama kidole gumba, imeliwa na kutu.

Jirani kanambia bila kupepesa macho: "Hapo wakifungwa watumwa." Ami yangu anasema uongo, hiyo ni ghala ya karafuu. Wameshabishana mara tatu mbele yangu, mara ya mwisho chai imepoa. Nani anajua?

#2 Kibandamaiti82
Watumwa hao. Komeo kwa nje unataka ushahidi gani tena? Nenda Mangapwani ukatazame chumba cha watumwa, ndo hivyo hivyo, giza na vitundu.

#3 Doriani_Mbivu
Chumba cha popobawa hicho, yule shetani anayevamia watu usiku. Mwaka 1995 wote tulilala nje, yeye alikuwa kalala humo 😂

#4 Fundi_Boriti
Waalaykum salaam. Tuanze na vipimo maana watu wanakimbilia hadithi. Upana hatua nne ni kama mita tatu kasoro, na huo si uamuzi wa mwenye nyumba, ni uamuzi wa mkoko. Boriti ya mkoko unayoweza kuipata imenyooka na ikabeba dari ya mawe na chokaa haizidi hapo. Ndo maana nyumba zote za mawe za kwetu, mjini na shamba, vyumba vyake ni virefu vyembamba kama ngalawa. Kwa hiyo ule wembamba usikutie hofu, haukujengwa kubana watu.

Vile vitundu pia ni kawaida. Ukuta wa chini ndo unaobeba wa juu, mafundi wa zamani walikuwa hawapendi kuutoboa. Na komeo kwa nje, bibie, hata banda la kuku komeo lake nje.

#5 Yakhe_wa_Dunga
Mie natoka Dunga, tumekulia pembeni ya jumba lenyewe. Bibi zetu wakitwambia jumba la Dunga chokaa yake ilikorogwa kwa damu ya watumwa na wengine wamezikwa hai kwenye kuta. Sultani Barghash alikuwa hana masihara.

#6 Mwl_Tarekhe
Yakhe hapo #5, Barghash kaingiaje Dunga? Dunga ni ya Mwinyi Mkuu, Muhammad bin Ahmed, mtawala wa wenyeji wa Unguja chini ya masultani. Alijenga katikati ya karne ya 19, kabla ya Barghash kutawala. Akafariki 1865, mwanawe Ahmed akafuata 1873, na ukoo wa utawala ukakatika hapo. Zile ngoma za utawala na siwa, baragumu la watawala, vilitoka hapo. Barghash alijenga Maruhubi na Chuini.

Na wewe #2, Mangapwani si mfano mzuri. Kile ni shimo lililochimbwa chini ya ardhi na kuezekwa mawe, mbali na nyumba, karibu na pwani, kwa sababu biashara ya watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku 1873 na wenyewe wakawa wanawaficha. Mtu anaficha porini. Nani anamficha mtu chini ya kitanda chake, meli ya Muingereza iko bandarini Wete?

#7 Kibandamaiti82
Mwalimu kila siku unawatetea wenye watumwa. Na vile vyumba vya chini kule kanisani Mkunazini, navyo ghala ya karafuu?

#8 Mwl_Tarekhe
Simtetei mtu. Na umenichagulia mfano unaonisaidia mie. Lile jengo lilikuwa hospitali ya wamishonari, limejengwa baada ya soko la watumwa kufungwa 1873. Soko lilikuwepo hapo kweli, watu waliuzwa hapo kweli, lakini wapo wanahistoria wanaosema vile vyumba vilikuwa stoo ya hospitali. Watalii wanaonyeshwa minyororo, basi. Ubaya wa utumwa hauhitaji kuongezewa vyumba.

#9 mzee_Frasila
Vijana salaam. Nimefanya kazi kituo cha kununulia karafuu miaka ya sabini. Binti, hiyo pete kwenye boriti ni ya mizani. Mizani ya zamani ilikuwa ya kutundika, gunia linaninginia huku, mawe huku. Frasila moja ratili 35, kama kilo 16. Boriti ya kati ndo inayowekwa pete kwa sababu mtu wa mizani anataka nafasi ya kuzunguka. Ingekuwa ya kumfunga mtu ingekuwa ukutani, chini, si juu ya kichwa. Hebu tazama sakafu chini ya pete kama imechimbika kwa magunia kudondoshwa.

#10 binti_mtambwe
Ahsante mzee. Nimeshuka na tochi sasa hivi. Sakafu chini ya pete ina bonde, naam, kama sahani. Lakini mlangoni pia pana bonde. Na kona ya kulia pana la tatu, na hiyo kona haina pete.

#11 Doriani_Mbivu
La tatu alikuwa akikaa popobawa.

#12 Fundi_Boriti
Mabonde matatu ni maji yanavuja juu. Paa mmelifanya nini?

#13 binti_mtambwe
Zamani lilikuwa la chokaa tambarare, bibi akasema likawachosha, wakaweka bati. Kuta za nje ami kapiga saruji mwaka juzi, imependeza.

#14 Fundi_Boriti
INNALILLAHI. Bibie nyumba hiyo mnaiua. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanaingia na mvua, halafu jua likitoka yanatoka. Saruji inaziba. Maji yanabaki ndani, chumvi inasukuma, na mwisho yanakwenda kwenye ncha za boriti zilizoingia ukutani. Ncha zinaoza ndani kwa ndani huzioni, siku moja dari linashuka zima kama trei. Chukua msumari mrefu, choma boriti pale inapoingia ukutani. Ukizama kama kwenye boga, msilale juu.

Chokaa yenyewe si mchezo, matumbawe yanachomwa kwenye tanuri la magogo, yanazimwa kwa maji, halafu inaachwa ilale. Wa zamani walikuwa wanaiacha miezi. Siku hizi mtu anataka asubuhi kwa jioni.

#15 DarMpakaUnguja
Wakuu, naomba kueleweshwa, hivi Pemba kuna majumba ya kale? Mimi najua Unguja tu, Bi Khole, mke wa Sultani, na Maruhubi iliyochomwa kwenye Mapinduzi.

#16 Mwl_Tarekhe
Karibu. Mawili kwa mpigo. Bi Khole alikuwa binti wa Seyyid Said, si mke. Jumba lake la shamba liko Bungi. Na Maruhubi iliungua 1899, miaka 65 kabla ya Mapinduzi.

#17 Yakhe_wa_Dunga
Hapo Bungi ile miembe ya barabarani ndo yake. Wanasema kila mche ulipandwa na mtumwa, na alipokosea mstari...

#18 Doriani_Mbivu
Alizikwa kwenye mwembe. Yakhe wewe watu wako wote wanazikwa. Huna hadithi moja ya mtu aliyekufa kitandani?

#19 Mpemba_wa_Chake
Kijana wa Dar hapo #15, Pemba kulikuwa na majumba ya mawe Unguja hawajajua chokaa 😄 Nenda Pujini, ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba, karne ya 15 huko. Wazee wanasimulia aliwachukulisha watu mawe kichwani huku wanatembea kwa makalio. Nenda Ras Mkumbuu, nenda Chwaka kwenye msikiti na makaburi ya akina Haruni. Na Pujini pana chumba cha chini ya ardhi kabla mkarafuu mmoja haujapandwa Pemba. Kwa hiyo chumba cha giza si lazima kiwe cha karafuu wala cha watumwa. Nyumba za mawe za Waswahili tangu zamani zilikuwa na chumba cha ndani kabisa kisichoingia jua. Mzazi anajifungulia humo, maiti anaoshwa humo, mali inawekwa humo.

#20 mzee_Frasila
Ya Mpemba nayakubali, ila hicho chumba cha ndani kilikuwa ndani. Cha binti mlango wake unatoka nje. Nani ataosha maiti amtoe uwanjani watu wote watazame?

#21 Mpemba_wa_Chake
Hapo mzee umenikamata nusu. Binti, kuna alama ya mlango ulioziba kwa ndani? Tazama upande wa ngazi.

#22 binti_mtambwe
Kuna daka, shimo la kuwekea vitu ukutani, upande wa ngazi, limesimama tangu chini mpaka urefu wa mtu. Bibi alikuwa anaweka humo mitungi. Mie nikidhani ni daka tu.

#23 Mpemba_wa_Chake
Daka refu la mtu mzima tangu sakafuni? 👀

#24 Fundi_Boriti
Ligongee. Likilia kama ngoma ni mlango uliozibwa. Likinyamaza ni daka.

#25 nassra_mbali
Nimesoma yote. Naandika kutoka Muscat. Babu yangu mzaa baba alikuwa na nyumba kama hii Pemba, sisemi wapi. Walitoka 1964 na kilichowatosha kwenye mikoba, shamba likataifishwa likagawiwa eka tatu tatu. Nilikwenda mara moja 2011. Waliokuwa wanaishi pale walinikaribisha vizuri, wakanipa togwa, wakanionyesha chumba cha chini. Nao wakanambia hivyo hivyo, "hapa wakifungwa watumwa," huku wananitazama mie.

Baba yangu alikuwa akisema chumba hicho kilikuwa cha karafuu, na utotoni wakicheza humo wakitoka wananuka karafuu mpaka kwenye nywele. Lakini baba kazaliwa miaka ya thelathini. Anajua kilichokuwa humo wakati wake. Cha kabla yake hakujua, na hakuwahi kuuliza. Hilo la kutouliza linaniuma zaidi kuliko chumba.

#26 Kibandamaiti82
Dada umesema kweli. Ahsante.

#27 binti_mtambwe
Dada Nassra, nami nikwambie. Kwetu wanasema babu alinunua nyumba kwa Mwarabu kabla ya Mapinduzi. Lakini karatasi hatuna. Ami akiulizwa karatasi anakohoa.

#28 Mpemba_wa_Chake
Tangu lini Mpemba akauliza karatasi? Wenye mashamba wengi wa enzi hiyo walikuwa washayaweka rehani kwa matajiri wa Kihindi. Bei ya karafuu ilipoanguka madeni yakawa makubwa mpaka serikali ikaleta sheria 1934 ya kuzuia mashamba kuhamia kwa wadai. Kwa hiyo "Mwarabu aliuza" inaweza kuwa Mwarabu aliuza, au Mhindi aliyekuwa na rehani ndo aliyeuza, na nyumba ikabaki na jina la yule wa kwanza.

#29 Kibandamaiti82
Na Mshirazi tajiri je? Pemba Waswahili wengi walikuwa na mikarafuu yao, na wengine walikuwa na watumwa. Kila nyumba ya mawe tunampa Mwarabu.

#30 Mwl_Tarekhe
Hilo ni kweli na halisemwi sana. Binti, mlango wa mbele wa kuchonga? Tazama kizingiti cha juu, mara nyingi pana aya na mwaka wa hijria. Ukitupa mwaka nusu ya ubishi huu unakwisha.

#31 DarMpakaUnguja
Wakuu, uzi mtamu. Hiyo nyumba inauzwa?

#32 Doriani_Mbivu
Karatasi hamna, dari linataka kushuka, na popobawa yumo. Leta milioni mia.

#33 binti_mtambwe
Nimekwaruza rangi kwa kijiko, rangi ya kijani, chini yake ya buluu, chini yake nyeusi. Mwaka upo. Nasoma 1315.

#34 Mwl_Tarekhe
1315! Basi sikilizeni. Amri ya Sultani Hamoud ya kuondoa utumwa ni 6 Aprili 1897, yaani Mfunguo Pili 1314. Mwaka 1315 uliingia miezi miwili baadaye. Nyumba ilijengwa baada ya amri. Ghala ya karafuu, nimemaliza.

#35 Kibandamaiti82
Hujamaliza. Amri ile haikumwachia mtu huru palepale. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akaombe uhuru wake, na bwana wake analipwa fidia. Shamba huko Mtambwe nani alikuwa anajua njia ya mahakama? Na masuria hawakuhesabiwa mpaka 1909. Mtu angeweza kujenga 1315 akawa na watu anaowafungia usiku wasiende hiyo mahakama.

#36 Mwl_Tarekhe
Hoja nzuri, naikubali kama inawezekana. Ila kuwezekana si kuwa.

#37 mzee_Frasila
Mlango ukiwa wa 1315 haina maana nyumba ni ya 1315. Milango ilikuwa inahama. Nyumba moja ikianguka mlango unauzwa, unapelekwa kwengine. Nimeona mlango wa kuchonga mzuri mno kwenye kibanda cha udongo na makuti kule Konde, aya juu, mbuzi chini.

#38 Fundi_Boriti
Mzee kweli. Binti, tazama fremu imekaa vipi ukutani. Kama imejengwa pamoja na ukuta, chokaa inaifuata mbao vizuri. Kama imechomekwa baadaye utaona kipande cha mawe madogo madogo ya kujazia pembeni.

#39 Yakhe_wa_Dunga
Na mwisho ni tano kweli au sifuri? Tano ya Kiarabu ni duara, sifuri ni nukta. Rangi ikijaa tatu kwa pamoja nukta inavimba, au duara linazibika ndani.

#40 Doriani_Mbivu
Yakhe leo hujazika mtu. Mashaallah.

#41 binti_mtambwe
Nimerudi na mswaki na mafuta ya taa. Wallahi sijui. Pana alama, kubwa mno kuwa nukta na ndogo mno kuwa duara. Nimemwita ami, kasema tano. Jirani kasema sifuri. Naapa hawa wawili hata wakiulizwa leo Ijumaa au Jumamosi watagawanyika.

#42 Mwl_Tarekhe
1310 ingekuwa 1892 na 1893. Kabla ya amri. Basi tunarudi kule kule.

#43 Mpemba_wa_Chake
Tena wakati wenyewe karafuu ya Pemba imepamba moto. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, sisi kikatupita, baada ya hapo Pemba ndo ikawa karafuu yenyewe. Mtu mwenye pesa anajenga ghorofa. Na kwa mwaka huo watumwa wapo shambani, hilo halina ubishi. Iwe chumba walilala wao au ililala karafuu waliyoichuma wao.

#44 mzee_Frasila
Ila hapa kuna kitu kinanisumbua tangu jana, nimesema ghala na bado nasema ghala, lakini karafuu inataka pakavu. Ukuta wa mawe wakati wa masika unatoka jasho. Karafuu kavu ukiiweka kwenye unyevu inavuta maji, inafanya ukungu, rangi inapotea, bei inashuka. Sisi kituoni tulikuwa tunaweka magunia juu ya mbao, si chini. Mwenye akili angeiweka karafuu ghorofani na yeye akalala chini.

#45 Fundi_Boriti
Mzee usijikane. Giza nalo linasaidia, mwanga na hewa nyingi mafuta yanatoka, uzito unapungua. Na wezi je? Gunia darini ngazi moja tu mtu kashateremka nalo. Chumba kisicho na dirisha wezi wataingia wapi? Mie sasa naelekea kwenye wezi kuliko kitu chengine.

#46 nassra_mbali
Baba alisema kulikuwa na ubao chini, wa minazi, wakikimbia ulikuwa unalia. Sikulikumbuka mpaka mzee kasema.

#47 Kibandamaiti82
Ubao pia watu hulalia.

#48 mzee_Frasila
Eeh.

#49 binti_mtambwe
Nimeligonga daka. Juu linanyamaza, chini kwenye goti linalia kama ngoma. Yaani nusu mlango? Na fremu ya mlango wa mbele, upande wa kulia chokaa imeshikana, wa kushoto pana mawe madogo madogo ya kujazia. Msinicheke.

#50 Fundi_Boriti
Upande mmoja tu? Hapo sijui. Labda ukuta wa kushoto ulianguka ukajengwa upya.

#51 Mpemba_wa_Chake
Linalia kwenye goti ni tundu la kupitishia kitu. Chakula? Karafuu? Maji ya kuoshea? Kila mtu achague lake 😂

#52 Doriani_Mbivu
Tundu la kumpa popobawa futari.

#53 binti_mtambwe
Nimechoma boriti kwa msumari kama Fundi alivyosema kule #14. Saba ngumu. Ya kati, ile yenye pete, msumari umezama wote na ukatoka unga wa kahawia. Ami kanyamaza sasa. Fundi, au yeyote anayemjua fundi wa chokaa Wete au Chake anayekubali kuja shamba, niandikie ndani. Ya pete haitoki, nataka ibaki hapo hapo, atafute njia.

#54 Fundi_Boriti
Msilale chini ya ya kati. Tia nguzo ya muda leo hii, mnazi au mvule, usingoje kesho, halafu bandueni ile saruji ya nje kwa patasi pole pole, nyundo msitumie. Nakuandikia.